Chanja Katika Jiko la Mama

Yako maswali makubwa ambayo watu hukutana katika kumbi kuyajadili, na yako maswali madogo yanayojadiliwa jikoni baina ya mtu na mama yake. Yale makubwa huandikwa magazetini. Haya madogo hufunikwa na moshi yakasahauliwa. Lakini mara nyingi dogo la jikoni hugusa maisha ya watu wengi kuliko kubwa la ukumbini, kwa sababu kila mtu hula, na chakula hakiivi kwa hotuba.

Swali ninalotaka kukueleza leo ni la jikoni. Je, yafaa jiko la kuni liwekwe chanja ya chuma ndani yake, au kuni zilale juu ya majivu kama zilivyolala tangu zama za mababu? Huenda ukacheka. Mimi pia nilipolisikia mara ya kwanza nilicheka, nikadhani kwamba jawabu lake ni jepesi. Jawabu hilo jepesi lilinigharimu fedha, likanigombanisha na mama yangu likizo nzima, na mwishowe likanifundisha jambo ambalo walimu wangu wa chuoni walinieleza mara nyingi nisilielewe.

Kwetu ni katika vilima vya Vihiga, magharibi ya Kenya. Huko mashamba ni madogo, watu ni wengi, na mti ukianguka haupati nafasi ya kuoza. Nilipokuwa mtoto mama alipika kwa mafiga matatu, yaani mawe matatu yaliyopangwa chini, kuni zikaingizwa katikati kutoka pande tatu. Baadaye alipata jiko la udongo la Upesi. Majiko haya yalianza kuenezwa na vikundi vya akina mama katika magharibi ya Kenya mnamo miaka ya 1980 na 1990. Ni kama chungu kipana kisicho na kitako, chenye mlango mbele wa kuingizia kuni. Hufinyangwa na kuchomwa, kisha hujengewa kwa mawe na matope palepale jikoni. Sufuria hukaa juu, na kuni hulala chini sakafuni. Halina bomba la kutolea moshi, wala halina chanja.

Chanja ninayoitaja ni vyuma vilivyopangwa sambamba, vikaungwa mwisho na mwisho, vikaachiwa nafasi kati yao. Huinuliwa kidogo juu ya sakafu ya jiko. Kuni hulala juu yake, hewa hupita chini yake, na majivu huanguka katika nafasi zake. Umeiona katika jiko la mkaa, ingawa huko mara nyingi ni kigae chenye matundu. Ukikielewa kifaa hicho, umekwisha kuelewa nusu ya habari hii. Nusu iliyobaki ni habari ya watu.

Katika mwaka wa 2018 nilikuwa nimefuzu chuo cha ualimu, nikafundisha sayansi kwa miaka michache mbali na nyumbani. Mwaka huo mambo mawili yalitokea. La kwanza lilikuwa la nchi nzima. Mwezi wa Februari serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na mkaa ukapanda bei. Kwetu wale waliokuwa wakipika kwa mkaa walirudi kutafuta kuni, na kitita cha kuni kilichokuwa cha kawaida kikawa cha thamani. La pili lilikuwa la nyumba yetu peke yake. Mtoto wa dada yangu, aliyekuwa hajatimiza miaka miwili, alishikwa na homa ya mapafu.

Mtoto huyo alikuwa mwandani wa bibi yake. Dada yangu alipokwenda kibaruani, mama alimbeba mgongoni, akapika naye, akapuliza moto naye, akapakua naye. Nilifika hospitalini nikamkuta amelala, mbavu zake zikiingia ndani kila avutapo pumzi kama kapu linalobonyezwa. Tabibu, mtu mpole, alimwuliza mama maswali mengi. Swali moja lilikuwa hili: "Mama, mtoto huyu hukaa wapi wakati wa kupika?" Mama alitazama chini. Hakujibu, kwa sababu khanga yake ilikwisha kujibu. Ilinuka moshi.

Mtoto alipona, kwa rehema ya Mungu na kwa dawa. Lakini mimi nilitoka hospitalini nikiwa na hasira, na hasira ya mtu aliyesoma ina tabia moja mbaya, nayo ni kujiona kuwa tayari ni maarifa. Nilijiambia kwamba adui ni moshi. Moshi ni moto uliokosa hewa. Hewa huletwa na chanja. Basi mama yangu apewe chanja. Hesabu ilikuwa fupi na nzuri. Sikumwuliza mama neno.

Nilikwenda sokoni kwa fundi wa jua kali nikamwagiza anikatie vipande saba vya nondo, avichomelee viwe chanja yenye miguu minne. Nilimpa vipimo vya upana wa jiko kwa kukisia. Jioni ile nilifagia majivu yote jikoni kwa mama, nikayatupa shambani, nikaiweka chanja yangu ndani ya jiko kama mtu anayeweka kiti cha mfalme. Nikapanga kuni kavu juu yake, nikawasha.

Msomaji, moto ule ulikuwa fahari kuutazama! Uliwaka kwa mlio, ndimi zake zikapanda zikakumbatia sufuria, na moshi ukapungua kuliko nilivyopata kuuona katika jiko lile. Maji ya ugali yalichemka upesi. Dada yangu alipiga makofi. Mama alitazama moto, akatazama rundo la kuni ukutani, akatazama moto tena, akasema, "Unawaka, Mwalimu." Hakusema zaidi. Mama yangu huniita Mwalimu anaponisifu, na pia anaponihurumia. Usiku ule nilichagua maana niliyoipenda, nikarudi kazini nikiwa nimeridhika.

Niliporudi likizo ya Agosti niliingia uani nikakuta kapu limefunikwa kwa kitu nilichokifahamu. Ndani ya kapu vilikuwa vifaranga kumi au zaidi, na juu yao, kuwakinga na mwewe, ilikuwa chanja yangu. Vyuma viwili vya katikati vilikuwa vimepinda kama migongo ya wazee. Jikoni kuni zilikuwa zimelala juu ya majivu kama zamani, na moshi ulikuwa ukitoka mlangoni.

Nilighadhibika. Nilimwambia mama maneno ambayo leo nisingependa uyasikie kwa ukamilifu wake. Nilimkumbusha hospitali, nikamkumbusha mbavu za mtoto, nikamwuliza kama alipenda vifaranga kuliko mjukuu. Mama aliacha kuchambua mboga, akafuta mikono, akanijibu kwa sauti ya chini.

"Mwanangu, mtoto yule nilimbeba mimi usiku ule kutoka hapa hadi barabarani. Wewe ulitukuta hospitalini. Usinifundishe kumwonea uchungu."

Nilinyamaza. Kisha akaendelea: "Chuma chako kinajua kula, hakijui kuweka. Kitita nilichokipikia siku tatu kikaisha kwa siku mbili. Maharagwe nikiyaacha nikaenda kisimani, narudi moto umekwisha wote, hata kaa moja halipo. Asubuhi nafukua sipati moto, napuliza vijiti vibichi vya umande, na moshi wa asubuhi moja unapita moshi wa wiki nzima. Na majivu yakajaa chini yake, nawe hukuniambia yatolewe na nini. Ungeniuliza, ningekwambia jiko langu linafanya kazi gani. Lakini hukuuliza."

Kuuliza si ujinga, wasema wahenga. Mimi methali hiyo nilikuwa nimeifundisha darasani mara nyingi. Usiku ule nililala nikaiona kwamba ilikuwa ikinitafuta mimi.

Kesho yake nilifungua vitabu vyangu, na safari hii sikuvifungua kutafuta hoja ya kumshinda mama, bali kutafuta kwa nini maneno yake yalikuwa kweli. Na tufuatane, msomaji, kwa sababu jambo hili lataka utulivu kidogo.

Ukuni hauwaki kwa namna moja. Huungua kwa hatua tatu. Kwanza hukausha maji yake. Mti uliokatwa leo huweza kuwa na maji yapatayo nusu ya uzito wake, na maji hayo yote hayana budi kugeuzwa mvuke kabla ukuni haujatoa joto la maana. Kwa hiyo anayepika kwa kuni mbichi huchemsha maji mara mbili, yaliyo katika ukuni na yaliyo katika sufuria, akafaidi yale ya pili tu. Hatua ya pili, ukuni ukipata joto zaidi, hutoa gesi. Ndimi za moto unazoziona ni gesi hizo zinazowaka, na ndizo zichukuazo sehemu kubwa ya joto la ukuni. Gesi hizo zikikosa hewa au zikipoa kabla ya kuungua, hutoka zikiwa moshi. Basi moshi ni chakula cha moto kilichotupwa nje bila kuliwa. Humdhuru mtu mara mbili, mapafuni na mfukoni. Hatua ya tatu, gesi zikiisha, hubaki kaa jekundu lisilo na ndimi. Kaa huungua polepole, na hewa yake hulifikia usoni tu. Likifunikwa na majivu hukosa hewa, likasinzia bila kufa.

Sasa chanja hufanya nini? Huinua moto, ikaruhusu hewa ipite chini, ipande kati ya makaa, iungane na gesi zikiwa bado za moto. Makaa huwaka kwa nguvu, gesi huungua vizuri zaidi, moshi hupungua. Hilo ndilo lililonifurahisha siku ya kwanza, na lilikuwa kweli. Lakini hewa ileile inayoamsha makaa huyamaliza. Moto usio na chanja huweka akiba ya makaa chini ya majivu. Moto wenye chanja hula akiba yake kila siku. Mama alikuwa amelisema jambo hilo kwa maneno machache, nami nililitafuta katika kurasa ishirini.

Tena hewa si jambo la kuongezwa bila kipimo. Hewa inayozidi mahitaji huingia baridi, hupoza gesi, kisha hutoka mlangoni ikiwa imebeba joto lililokuwa mali ya sufuria. Chanja yangu ilikuwa pana kama jiko lote, na nafasi zake zilikuwa kubwa. Makaa madogo yalitumbukia chini kabla ya kuungua, na hewa iliingia kama mgeni asiye na adabu. Wala kupinda kwa vyuma hakukuwa kisa cha ajabu. Vyuma vya chanja hupozwa na hewa inayopita chini yake. Majivu na makaa yakijaa hata yakavigusa, hewa hufungwa, chuma huwa chekundu, hulegea, kikapinda. Kosa hilo nililifanya mimi, niliyeleta kifaa bila kuleta maelezo yake.

Nilifanya pia hesabu moja ambayo nakuomba uifanye nawe. Kuchemsha lita 5 za maji katika miinuko yetu ni kuyapandisha kutoka nyuzi 20 hivi hadi nyuzi 95, kwa kuwa mahali pa juu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Kila lita huhitaji karibu kilojuli 4.2 kwa kila nyuzi. Zidisha 5 kwa 75 kwa 4.2, utapata kilojuli 1,575. Kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri ina joto la kilojuli 16,000 hivi. Kwa hiyo, lau joto lote lingeingia katika maji, lita 5 zingechemka kwa gramu 100 za kuni, yaani kijiti kimoja cha kiasi. Sasa nenda jikoni kwenu ukapime ni kuni ngapi zinazotumika. Tofauti utakayoiona ni joto lililopotea katika kuta, katika upepo na katika moshi. Nilipoiona hesabu hiyo nilifahamu kwamba swali la chanja ni mlango mmoja tu wa nyumba yenye milango mingi.

Nilirudi kwa mama, si kwa maneno bali kwa mizani. Niliazima mizani ya ndoana kwa mwenye kinu cha kusaga, nikamwomba mama anisaidie. Nilitaka tupime kuni kabla ya kupika na zilizosalia baada ya kupika, na mpishi awe yeye kila mara. Aliniuliza kama nililipwa kwa kazi hiyo. Nilipomwambia la, alicheka, na kicheko hicho kilikuwa msamaha.

Tulijaribu kwa siku kadhaa. Tulichemsha maji mengi sawa, katika sufuria ileile, kwa kuni za mti mmoja. Tulianza bila chanja. Kisha chanja yangu, iliyonyoshwa kwa nyundo. Kisha nikarudi kwa fundi akaikata nusu, akasogeza vyuma vikakaribiana hata kidole kisipite, akaipunguza miguu. Hiyo ndogo tuliiweka katikati ya jiko, chini ya ncha za kuni tu, na sehemu iliyosalia ya kuni ikaegemea jiwe mlangoni. Mama ndiye aliyesema ncha peke yake ndizo zikae juu ya chuma. "Kinachowaka ni ncha," alisema, "huo mwili wa ukuni unangoja zamu yake. Ukiuingiza wote, wote utataka kula pamoja."

Sitaki uyachukue majaribio yetu kuwa sheria ya ulimwengu, maana jiko lilikuwa moja na mpishi mmoja. Lakini tuliyoyaona ni haya. Chanja pana ilichemsha upesi, ikala kuni nyingi kuliko zote. Jiko lisilo na chanja lilichelewa, likatoa moshi mwingi hasa wakati wa kuwasha, likabakiza makaa mema. Chanja ndogo, pamoja na kuni kavu zilizopasuliwa vipande vyembamba, ilichemsha karibu sawa na ile pana, kwa kuni chache kuliko zote, na moshi ukawa kidogo. Lakini tulipoweka kuni mbichi juu ya chanja hiyohiyo, moshi ulirudi kama hautujui. Hapo mama alinitazama akasema, "Basi tatizo lako la kwanza lilikuwa jua, si chuma." Alimaanisha kwamba kuni zilitaka kuanikwa.

Jambo moja bado lilibaki, nalo ni maharagwe na makaa ya asubuhi. Hili mama alilimaliza yeye mwenyewe, pasipo kitabu wala mizani. Alipika uji na ugali kwa chanja. Alipotaka kuchemsha mahindi na maharagwe kwa muda mrefu, au kufukia makaa ya usiku, aliiondoa chanja kwa kijiti chenye ndoana, akaiegemeza ukutani, akaacha moto ukae juu ya majivu. Mimi nilikuwa nimeuliza, "Chanja iwe au isiwe?" Yeye aliniuliza, "Kwani nani ameipigilia misumari?"

Tangu hapo nimeona swali hilihili mahali pengi, na kila mahali jawabu lafuata kazi na kinachochomwa. Jiko la mkaa la kigae, lililoenea nchini Kenya tangu mwanzo wa miaka ya 1980, haliwezi kufanya kazi bila matundu chini, kwa sababu mkaa ni ukuni uliokwisha kutoa gesi zake. Umebaki kaa tupu, na kaa hutaka hewa kutoka chini. Katika nchi za baridi za Ulaya watu huchoma kuni katika majiko ya chuma yaliyofungwa ili kupasha nyumba joto. Huko mengi ya majiko yaliyotengenezwa kwa kuni peke yake hayana chanja. Magogo hulala juu ya tandiko la majivu, na hewa huletwa kutoka juu na ubavuni. Lakini jiko la makaa ya mawe lazima liwe na chanja. Na mhandisi Larry Winiarski wa Marekani, alipobuni lile jiko liitwalo roketi mwanzoni mwa miaka ya 1980, aliweka kibao cha kuegemeza kuni, hewa ikapita chini yake na kuziendea ncha zinazowaka. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka mama na jiwe lake la mlangoni. Hakusoma kitabu chochote cha uhandisi, lakini miaka arobaini ya kupika ni shule, na yeye hakukosa somo hata siku moja.

Kwa hiyo, msomaji, ukiniuliza leo kama jiko la kuni liwe na chanja, nitakujibu hivi. Ikiwa kuni ni kavu na nyembamba, na kazi ni ya kuchemsha upesi, weka chanja. Iwe ndogo, vyuma vyake vikaribiane, ikae chini ya ncha za kuni, na majivu yaliyo chini yake yatolewe kila siku. Ikiwa kazi ni ya moto mpole wa muda mrefu, iondoe. Ikiwa kuni ni mbichi, usimlaumu aliyekosa chanja wala usimsifu aliye nayo, zianike kwanza. Na iwe chanja ipo au haipo, dirisha liwe wazi na mtoto mchanga akae mbali na moshi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka wa 2020 hewa chafu ya majumbani iliua watu wapatao milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Nikisoma hesabu hiyo siioni kuwa tarakimu. Naona mbavu ndogo zikipanda na kushuka.

Neno moja la hadhari sina budi kuliongeza, kwa kuwa nimesifu moto usio na moshi. Moto usio na moshi si moto usio na sumu. Makaa mekundu, hasa ya mkaa, hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Usiingize kamwe jiko la makaa katika chumba cha kulala kilichofungwa ili uote moto usiku wa baridi. Watu wengi wamelala hivyo wasiamke.

Mtoto wa dada yangu sasa ni msichana wa shule ya msingi, na mbio zake zanishinda. Sitakudanganya kwamba chanja ndiyo iliyomponya, wala kwamba jikoni kwetu moshi umekwisha. Mama bado hukohoa wakati wa baridi, maana moshi wa miaka mingi hauondoki kwa chuma cha mwaka mmoja. Lakini mtoto habebwi tena jikoni, dirisha la pili limetobolewa ukutani, kuni huanikwa darini hadi ziwe kavu, na chanja ndogo huegemea ukuta ikingoja kuitwa.

Wewe unayesoma maneno haya umo shuleni, na siku moja utarudi nyumbani na jambo ulilojifunza. Litakuwa pengine la mbegu, au la dawa, au la fedha, au la moto kama langu. Nakusihi ulipeleke, usilifiche, kwa kuwa elimu isiyofika nyumbani ni mvua inyeshayo baharini. Lakini kabla ya kuliweka katikati ya jiko la mtu, keti chini ya kigoda, uombe chai, uulize jiko hilo linafanya kazi gani. Jifya moja haliinjiki chungu. Elimu yako ni moja, uzoefu wa mzee wako ni la pili, na la tatu ni subira ya kujaribu pamoja. Mimi nilijaribu kuinjika chungu kwa moja, nikaona kilivyomwagika.

Ile chanja ya kwanza, nusu iliyokatwa na fundi, bado iko uani. Mama hataki itupwe. Kila vifaranga wakianguliwa huifunika juu ya kapu, na nikipita huniita, "Mwalimu, njoo uone, chuma chako kinafanya kazi." Nami husimama nikatazama, kwa kuwa ni kweli kinafanya.